Mfereji wa Katekista na Kinyungu cha Bibi

Juzi kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu hapa Mbeya kuniuzia miche ya parachichi. Kabla ya kuchimba hata shimo moja alitoa mkobani kijiti cha chuma chenye kioo kidogo kichwani, akakichoma ardhini, akakitazama kama nesi anavyotazama kipimajoto, kisha akasema, "Bibi, unyevu hapa upo wa kutosha. Ukishapanda usimwagie mpaka wiki ijayo." Nikacheka. Akadhani nimefurahia kifaa chake. Sikumwambia kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshuka wenyewe mpaka chini, umechota udongo na kuubana, na nilipofungua kiganja sikuona chochote isipokuwa udongo.

Kipo kiganja kimoja ninachokijua kinachosoma udongo bila kioo wala betri. Si changu, ingawa kilipaswa kuwa changu. Kwa ajili ya kiganja hicho nimeona wivu tangu nilipokuwa msichana wa miaka tisa, na leo nina wajukuu wenye ndevu. Uniwie radhi, msomaji, sitajifanya mtu mwema mbele yako. Wengi wakikumbuka utoto wao husema walikuwa maskini lakini wenye furaha. Furaha nilikuwa nayo, sikatai, ila wivu niliokuwa nao ulikuwa mkubwa zaidi, na ndio unaonikumbusha mambo mengi.

Kwetu ni upande wa Iringa, huko juu kwenye baridi, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Mafinga. Ninasema habari za miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mama yangu alikuwa amefariki, baba alikuwa ameenda kukata mkonge mbali huko pwani, nami nililelewa na bibi, mama yake baba. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya udongo yenye moshi, na kuku waliolala chini ya kitanda. Asubuhi tuliamshwa na ndege kwarara wakipiga kelele bondeni, na kabla sijanawa uso bibi alikuwa ameshaita: "We mke mwenza, unalala mpaka mume wetu aje akuamshe?" Mume wetu alikuwa babu, naye alikuwa kaburini siku nyingi. Bibi alinitania hivyo kila siku ya Mungu, na jina lile la mke mwenza nililivaa kama nguo ya Krismasi.

Tulikuwa na mashamba ya namna mbili. Lile la mlimani lilingoja mvua. Mawingu yakija Desemba tulipanda mahindi na ulezi, yakikawia tulikaa tukitazama juu. Shamba la pili lilikuwa bondeni, nalo ndilo tuliloliita kinyungu. Kinyungu ni tuta pana linaloinuliwa kwenye ardhi ya bonde wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha. Juu yake hapamwagwi maji. Mmea unakunywa kutoka chini, kwa maji ambayo masika yameyaacha ndani ya ardhi. Mlimani tulivuna mwezi wa sita na wa saba, na kufika Novemba kihenge kilikuwa kinaonyesha sakafu. Hapo ndipo maharage ya kinyungu yalipotuokoa, na baada yake mahindi mabichi. Asiye na kinyungu katika miezi ile alikula majani ya maboga na kulala mapema.

Nikifumba macho namwona bibi akiandaa kinyungu chake. Mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alikata majani marefu na kuyalaza kwa mistari mpaka yakanyauka. Kisha alikata mabonge ya udongo kwa jembe na kuyageuza juu ya majani yale, upande wenye nyasi ukitazama chini na mizizi ikitazama mbingu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikipanga mabonge madogo, na nikilaza hata moja vibaya alilirudia kwa mguu. "Bonge linalotazama juu lina kiburi," alisema. "Litaota tena. Lilaze majani chini, lioze, likushikie maji." Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka mikono yangu ilikuwa haiulizi tena. Pembeni mwa kinyungu alichimba mtaro, na mdomo wa mtaro ule ulielekea kijitoni, maji ya ziada yapate njia ya kwenda zake.

Kwenye kona moja alikuwa na shimo jembamba la kutosha mkono wa mtu, limefunikwa kwa kigae cha chungu. Kila asubuhi alipiga magoti, akafunua kigae, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na ngumi ya udongo. Aliubana, akafungua kiganja, akautazama. Udongo ukibaki na alama za vidole vinne bila kung'aa, alisema kinyungu kimekubali. Ukimeremeta maji, aliufungua mtaro zaidi. Ukimeguka, aliuziba mdomo wa mtaro nusu kwa bonge moja ili unyevu upumzike kidogo. Mimi nilisimama kando yake nikijikuna miguu kwa baridi, nikisubiri amalize twende tukale viazi. Aliponiambia niweke mkono na mimi, nilisema shimo lina chura. Kwangu udongo ulikuwa udongo.

Tena kinyungu chetu hakikunipendeza macho. Juu kilikuwa vumbi la kijivu lenye nyufa, na wageni waliopita walidhani maharage yale yanakufa. Nami nilikuwa na sababu ya kuona aibu, kwa kuwa juu yetu kidogo, kwenye mteremko, palikuwa na shamba la katekista.

Katekista alikuwa amesoma Tosamaganga kwa mapadri, na aliporudi alirudi na maarifa ya mfereji. Alikitega kijito huko juu mlimani, akachimba mfereji kuzunguka kilima chote mpaka mlangoni pake, na kutoka hapo maji yaliingia kwenye kabichi na vitunguu vyake. Kiangazi, nchi nzima ikiwa na rangi ya kinyesi cha ng'ombe mkavu, shamba lake lilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Alikuwa mtu mpole, anayeanza kila sentensi kwa kusafisha koo. Alikuwa na binti wa umri wangu.

Sasa nianze kukwambia jinsi nilivyomwonea wivu binti yule, ingawa sijui nianzie wapi. Alikuwa na sweta jekundu. Alikuwa na mama. Hakubeba maji kichwani, kwani maji yalimfuata mlangoni kama mbwa, wakati mimi utosi wangu ulikuwa na kipara cha debe. Miguu yake ilikuwa safi siku zote. Lakini kilichoniunguza hasa kilikuwa siku za kumwagilia. Yeye ndiye aliyefungua maji. Alisimama kwenye ukingo, akasukuma jiwe kwa kidole cha mguu tu, na maji yakakimbia kwenye mstari aliotaka yeye. Akirudisha jiwe, yakatii. Nilimtazama kutoka chini, kwenye vumbi letu, nikiwa na jembe lenye mpini uliopasuka, nikaapa kwamba Mungu ana watoto wake na wengine ni wa kujazia dunia tu.

"Bibi," katekista alisema siku moja akiwa amesimama ukingoni, baada ya kusafisha koo, "hii kinyungu yako inasikia kiu. Nikukatie maji kidogo?"

"Asante, baba," bibi alijibu bila kuinuka. "Kiu yake naijua mimi."

Nilitamani kulia. Mtu anakupa maji, unakataa!

Mwaka huo ulikuwa na jambo lake zito. Mwaka uliotangulia, sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilikuwa imeanguka mwezi wa nane, imechelewa kuliko kawaida, ikaunguza maharage yote ya bibi kwa asubuhi moja. Tulikula kwa kuombaomba mpaka Februari. Shangazi alikuja kutoka Mbeya akanikuta nimebaki mifupa, akamwambia bibi mbele yangu: "Mama, mwaka huu nakuachia. Ikitokea tena hivi, mtoto namchukua." Juu ya hayo palikuwa na sheria ya bonde. Vinyungu vilikuwa mali ya ukoo wa babu, na mzee mmoja wa ukoo, tuliyemwita mzee wa bonde, ndiye aliyegawa. Mjane alikaa kwenye kinyungu muda wote kinapotoa chakula. Kikikaa misimu miwili mfululizo bila mavuno, mzee alikitoa kwa mwingine mwenye nguvu. Na katekista, kwa upole wake wote, alikuwa ameshakiomba, kwa kuwa kilipakana na shamba lake. Kwa hiyo nilijua, hata kwa akili ya miaka tisa, kwamba maharage yale yakishindwa bibi anapoteza kinyungu, nami nampoteza bibi.

Mwezi wa tisa, maharage yakiwa yameanza maua, alipita bwana shamba kwa baiskeli. Alikuwa na chuma kirefu cha kuzungusha kama keke ya seremala, na vikopo vidogo vyenye namba. Alitoboa ardhi kwenye shamba la katekista, akatia udongo kwenye vikopo, kisha akashuka akatoboa kinyungu chetu, nami nikamshikia vikopo. Alisema atakwenda kuupima, akauoka mpaka ukauke, akaupima tena, ndipo ajue maji yalikuwa kiasi gani. Lakini hata kabla ya kuuoka alikuwa ameuvuruga kwa kidole na kutabasamu. "Katekista," alisema, "kwako maji yanapita juu, na mizizi inakaa juu juu kuyasubiri. Siku mfereji ukikauka utaona. Huyu mama asiongezewe hata tone." Katekista alisafisha koo lake. Mimi nilidhani bwana shamba anamfariji mwanamke mzee, kwa kuwa wote walioona rangi ya lile shamba na rangi ya letu wangejua lipi lina maji.

Sasa lisikilize hili, maana ndilo lililonimaliza. Baada ya siku ile ya vikopo, binti wa katekista akaanza kuja kwetu. Alimaliza kazi zake mbili tatu, akashuka na sweta lake, akachuchumaa karibu na bibi kwenye lile shimo. Akauliza maswali. Bibi, ambaye kwangu alikuwa mtu wa kufoka na kutania, alimjibu kwa utaratibu. Akamwambia aweke mkono. Akaweka, hakusema neno lolote kuhusu chura. Akatoa udongo, akaubana, akafungua kiganja, akasema polepole, "Naona kama umelowa zaidi ya jana." Bibi akauchukua, akaubana, akacheka mpaka akapiga makofi. "Huyu mkono wake una masikio!" alisema. Na siku nyingine, binti yule alipokuwa anashuka mteremko, nikamsikia bibi akiita kwa sauti yangu, sauti iliyokuwa yangu peke yangu: "Karibu, mke mwenza!"

Sikula jioni ile. Bibi akaniuliza kama naumwa tumbo, nikasema ndiyo. Kitu kilichokuwa tumboni kilikuwa na sweta jekundu.

Jumapili iliyofuata wote walikwenda kanisani, mimi nikabaki kulinda nyani wasiingie kwenye maharage. Bonde lilikuwa tupu, nyimbo zinasikika kwa mbali. Nikapanda kwenye mfereji. Nilikuwa nimeshafikiri kila kitu. Kinyungu chetu kingepata maji, kingekuwa kijani kama kwao, maharage yangezaa kupita kiasi, bibi angebaki na kinyungu na mimi ningebaki na bibi, naye angeuliza ni nani aliyefanya kazi hii, nami ningesema ni mkono usio na masikio. Na kabichi za watu zikilala na kiu siku moja, hilo halikunisumbua hata kidogo. Nikalisukuma jiwe kwa kidole cha mguu kama nilivyomwona yeye. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, nikatumia mikono.

Maji yalishuka. Nilikimbia mbele yake na jembe nikiyaonyesha njia, na yalipofika kwenye kinyungu vumbi lilikunywa kwa sauti, likatoa harufu ile ya mvua ya kwanza. Nilikaribia kucheza. Kisha nikaona maji yanatorokea mtaroni na kwenda kijitoni, nikakumbuka kwamba bibi huziba mdomo wa mtaro akitaka unyevu upumzike. Yeye huweka bonge moja. Mimi nilikata mabonge sita, nikaziba mpaka juu, nikayafunika kwa majani makavu. Nikarudisha jiwe la mfereji kabla ya ibada kwisha. Jumapili ya pili nikarudia.

Siku za mwanzo maharage yaling'aa, na moyo wangu ukang'aa nayo. Bibi alikuwa amebanwa na kifua tangu jioni ya Jumapili ile ya kwanza, hakushuka bondeni kwa siku tisa, nami nilimpelekea habari njema. Kisha majani ya chini yakageuka manjano. Nikamwambia ni jua. Maua yakaanza kudondoka. Bibi akajifunga shuka, akashuka kwa fimbo, akang'oa mche mmoja na kunusa mizizi. Ilikuwa myeusi na ilinuka kama maji ya chungu kilichosahauliwa. Akafunua kigae cha lile shimo. Hakuhitaji kubana udongo. Maji yalikuwa yamesimama mle ndani, yakitutazama.

"Nani?" aliuliza.

Hapo bado ningeweza kusema. Ningechapwa, basi. Lakini mdomo wangu ulikuwa na haraka kuliko mimi. "Binti wa katekista," nikasema. "Nilimwona. Si ndiye anayekuja kila siku hapa?"

Neno hilo lilizunguka bonde kabla ya jua kuzama. Watu waliunganisha haraka: katekista anakitaka kinyungu, mfereji ni wake, binti yake hachezi mbali na pale. Kesho yake asubuhi mzee wa bonde alikuja na wazee wawili, wakasimama kwenye kinyungu. Katekista alikuja akiwa amemshika binti yake mkono. Alisafisha koo mara nyingi.

"Mtoto, ni wewe uliyefungulia maji hapa?" mzee alimwuliza.

Binti alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama chini na hakujibu.

"Ananyamaza, basi anakubali," alisema mmoja wa wazee.

Bibi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameinama kwenye mdomo wa mtaro, anaondoa majani makavu, anatoa mabonge yangu moja moja. La kwanza aliligeuza mkononi. La pili pia. Mimi nilielewa alichokiona kabla hajainuka. Watu wa mfereji wanaziba kwa mawe na matope. Mabonge yale yote sita yalikuwa yamelazwa majani chini, mizizi juu, yamebanana vizuri, kama alivyonifundisha. Bonde zima lilikuwa na mtoto mmoja tu ambaye angeziba mtaro kwa adabu namna ile.

Bibi aliinuka akishika kiuno. Hakunitazama. "Wazee wangu, mwacheni huyo mtoto wa watu," alisema. "Mtaro niliuziba mimi. Niliona kinyungu kimekauka, nikayachukua maji ya mfereji bila kuomba, nikasahau kuufungua. Ni uzee." Kisha akamgeukia katekista na kumwomba radhi kwa maji yake.

"Bibi, wewe? Miaka yote hii?" mzee wa bonde aliuliza.

"Mimi."

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wasemavyo, lakini siku ile wa kwao alikula peke yake. Ulikuwa msimu wa pili. Mzee alisikitika, na kinyungu kikaenda kwa katekista. Kabla ya Desemba shangazi akafika kunichukua. Usiku wala mchana bibi hakunitajia habari za mtaro, hakunichapa, hakunifokea, na heri angefanya yote matatu. Asubuhi ya safari alinifungia viazi vya kuchoma kwenye jani la mgomba, akanisindikiza mpaka barabarani tukasubiri basi. Nilingoja aniite mke mwenza. Alisema tu, "Nenda, mjukuu wangu. Msikilize shangazi yako."

Hapa Mbeya nilikua kati ya watoto wa Kisafwa, nikajifunza kula viazi mviringo na kusengenya kwa lugha yao, nikasoma, nikawa fundi cherehani. Mwaka wa pili baada ya kufika, shangazi alipata barua, akanisomea akifurahi, hajui ananichoma. Katekista alikuwa ameweka maji ya mfereji kwenye kinyungu, kikamshinda, akaenda kwa bibi na kumwangukia amfundishe. Bibi akakubali. Analima pale pale, mavuno wanagawana, ana chakula cha kutosha, na binti wa katekista ndiye anayemsaidia na analala kwake siku za baridi. Analala kwake! Kwenye mkeka wangu, juu ya kuku wangu. Shangazi alitaka kunirudisha, lakini nilikuwa nimeshaanza shule, na mimi mwenyewe nilikataa. Niliogopa kusimama tena mbele ya ule mtaro. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu; bibi alikuwa na mjukuu mmoja tu, na majuto yote yakawa yangu. Bibi alipofariki nilifika nikakuta binti yule ameshamwosha na kumvika. Hata hilo alinitangulia.

Kwa hiyo kijana wa parachichi alipoondoka na kijiti chake, sikulala vizuri. Wiki hiyo hiyo nikapanda basi kwenda kwetu. Nilitembea kushuka bondeni nikitafuta bonde. Mikaratusi imepandwa mistari mistari toka mlimani mpaka chini kabisa, nayo inakunywa mchana na usiku bila kumwuliza mtu. Kijito kimekuwa kamba. Mfereji wa katekista, ule niliotaka kufa kwa ajili yake, ni alama tu kwenye kilima, mbuzi wanapita ndani. Vinyungu havipo, na watoto niliowauliza hawakulijua hata neno lenyewe. Niliwasikiliza kwarara na sikuwasikia. Kimebaki kinyungu kimoja, kidogo kama chumba, pale pale kwa bibi. Juu yake vumbi la kijivu, na maharage yanachanua.

Mwanamke mzee alikuwa amekaa kando, anapukuchua maganda ya mwaka jana, meno ya mbele hana. Hakuwa na sweta jekundu, lakini nilimjua. Chunguni kwenye mafiga palikuwa na maharage yanachemka.

"Kamwene," nikasema, kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mwenzangu. Nilijua utakuja siku moja. Kaa."

Sikukaa. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka mingi, nikaona nikikaa litarudi ndani. "Mtaro ule niliuziba mimi. Nikakusingizia wewe."

Aliendelea kupukuchua. "Najua. Jumapili ile ya pili nilikuwa na homa, sikwenda kanisani. Nilikuona kutoka mlangoni, unakimbia na jembe mbele ya maji."

"Ukanyamaza? Wazee wakuite mharibifu, unanyamaza?"

"Ningesema ungechapwa," alijibu. "Ukishachapwa, bibi angekupakata, mambo yakaisha. Mimi sikutaka yaishe. Kila mtu alijua shangazi yako kasema nini. Nilitaka uondoke." Akatupa maganda pembeni. "Ningeshuka siku ile ile kutoa yale mabonge, maharage yangepona. Sikushuka. Kwetu tulikuwa na maji, lakini hapakuwa na mtu wa kuniita mke mwenza."

Nilitafuta hasira nikaikosa. Miaka yote nilidhani wivu wa bonde lile ulikuwa wangu peke yangu. Nikajikuta nacheka, naye akacheka kwa ufizi wake, wazee wawili wabaya juu ya mabaki ya kitu walichokigombania. Kisha nikamwambia anionyeshe.

Kwenye kona alifunua kigae. "Vua saa," alisema. "Ingiza mpaka kiwiko. Leo hamna chura."

Magoti yangu hayapigiki tena, ikabidi nilale kifudifudi kwenye vumbi kwa nguo yangu ya safari. Mkono ulipita sehemu kavu, ukapita sehemu vuguvugu, na chini kabisa vidole vyangu vikagusa baridi. Baridi ile ile ya mikono ya bibi asubuhi, alipokuwa anarudi kutoka bondeni na kunishika mashavu aniamshe. Nilichota, nikatoa, nikabana, nikafungua. Alama za vidole vinne zilikuwa zimekaa pale, wazi, bila kung'aa.

"Unasemaje?" aliniuliza.

"Kimekubali," nikasema.

Niliurudisha mkono shimoni. Nililala pale nikifikiri asubuhi zote ambazo mkono uliokuwa humu ulikuwa wake na si wangu, kiangazi hata kiangazi, bibi akiwa amechuchumaa kando anasubiri jibu. Machozi yalikuwa yananitoka, na katikati ya machozi hayo, nakwambia kweli, bado nilimwonea wivu. Akaniambia niinuke tukale, maharage yanaungua. Nikamwambia atangulie.